Kiu ya Siku na Mashuka ya Wageni

"Hivi jamani, nguo inakaushwa na jua au na upepo?"

Swali hilo aliliuliza Fundi, mshona nguo, jirani wa Mama Hewa na Dobi, siku moja ya mawingumawingu, akiwa ameegemea ukuta mfupi uliotenganisha ua wake na wao. Begani alikuwa na suruali ya mteja, inadondosha maji mpaka kwenye viatu. Aliimwagia mafuta ya cherehani kwa bahati mbaya, akaifua harakaharaka, na mwenye suruali alikuwa anakuja kuichukua jioni ileile aivae safarini. Mtu akibanwa namna hiyo huuliza lolote.

Dobi alicheka, mikono yake ingali ndani ya beseni. "Fundi naye. Ni jua, kitu gani tena? Ungekuwa upepo, watu wangeanika usiku wakalala zao."

"Sikukuuliza wewe. Wewe kazi yako kuloweka. Namuuliza mwenye hewa yake," Fundi akasema, akimwelekezea kidevu Mama Hewa, aliyekuwa kizingitini anachambua mchele.

Mama Hewa hakuwa mtu wa kukimbilia kujibu. Aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa, ndipo akasema, "Vyote viwili. Jua linayaamsha maji yaliyomo kwenye nguo. Lakini yakishaamka yanataka pa kwenda. Hewa iliyoigusa nguo ikishashiba haipokei tena, hata jua liwake namna gani. Upepo ndio unaoiondoa hiyo iliyoshiba na kuleta yenye njaa."

"Kwa hiyo niivae nikimbie nayo?"

"Kimbia tu, shemeji. Lakini funga mkanda."

Wakacheka, Fundi akaenda zake kuipepea suruali kwa kifuniko cha ndoo. Dobi peke yake ndiye aliyeacha kucheka mapema. Alikuwa anaitazama kamba yake ya kuanikia, iliyofungwa nyuma ya jiko, mahali ambapo kuta mbili zilikingana na upepo haukupita ila kwa kupotea njia. Kesho yake asubuhi alizing'oa nguzo za kamba, akazichimbia upande wa pili wa nyumba, kwenye uwazi, kando kabisa ya uzio wa waya wa vyombo vya hali ya hewa vya ofisi ya umwagiliaji. Akafunga mistari miwili. Mashuka yakawa yanakauka kabla ya adhuhuri. Mama Hewa aliyaona yanapepea, akamshukuru Mungu kwamba neno lake limemfaa mtu.

Hawa wawili walikuwa mawifi. Mume wa Mama Hewa alikuwa mfungua malango ya mfereji mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua, na ofisi ya umwagiliaji ikamwachia mjane nyumba na kazi ya kufagia. Alifagia vizuri, hakuchelewa, hakugusa kisichomhusu. Mkuu wa ofisi, mhandisi ambaye watu wote walimwita Bwana Maji, akamwona anavyofuta vumbi kwenye vipimo bila kuvitikisa, akamfundisha kuvisoma. Jina la Mama Hewa lilianzia hapo. Dobi alikuwa mdogo wa marehemu, kitindamimba, aliyerudi kutoka kwenye ndoa yake na sanduku moja na beseni kubwa la bati. Mama Hewa hakumuuliza kilichotokea. Alimwonyesha chumba, akamwambia sheria ya nyumba ile ni moja tu: siku ya ibada hapafuliwi.

"Hata leso?" Dobi aliuliza.

"Leso fua. Usianike."

Kazi ya vyombo yenyewe ilikuwa hivi. Mmea haunywi maji ukayaweka. Unayavuta kwa mizizi, unayapandisha, na mengi yake unayatoa kwa majani yakaenda hewani. Udongo nao unatoa ya kwake. Ukijua shamba limepoteza kiasi gani leo, unajua kesho ulirudishie kiasi gani. Lakini maji yakipanda hewani nani anayaona? Kwa hiyo yanakadiriwa, kwa kuwauliza mashahidi wanne: jua, joto, unyevu wa hewa na upepo.

Jua lilikuwa na tufe lake la kioo, linalounguza mstari kwenye ukanda wa karatasi. Wingu likipita, mstari unakatika. Joto na unyevu vilikaa ndani ya sanduku jeupe lenye mbavu za mbao, ambamo mlikuwa na vipimajoto viwili, ndugu wa tumbo moja, kimoja kikavu na kingine kimevishwa kitambaa kibichi. Hewa ikiwa kavu, kile kibichi kinapoa sana na ndugu hawa wanaachana mbali. Hewa ikilowa, wanasogeleana. Upepo ulikuwa na vikombe vitatu juu ya nguzo iliyomzidi mtu mrefu kidogo, vinazunguka na kusukuma tarakimu kama za mita ya maji.

Asubuhi na alasiri Mama Hewa alitaja jina la Mungu, akafungua kijilango cha uzio, akasoma. Kisha aliketi ofisini na majedwali na kikokotozi, jibu likaandikwa kwa chaki kwenye ubao uliokuwa nje ya mlango. Wakulima waliliita kiu ya siku. Kiu ikiwa sita, maana yake shamba zima limepoteza maji ambayo yangesimama juu ya udongo kina cha milimita sita, karibu nusu ya unene wa kidole cha mwisho. Kidogo kwa macho, lakini ni maji ya shamba zima, na ni ya siku moja. Malango ya mfereji yalifunguliwa kwa kuufuata ubao. Kiu ikiwa kubwa yanakaa wazi muda mrefu, ikiwa ndogo yanafungwa mapema.

Na maji hayana undugu. Yanaanza na aliye juu, na wa juu hata siku ya maji haba hupata shibe yake, akachepusha na kidogo cha jirani. Upungufu wote unakwenda kumlalia aliye mkiani mwa mfereji.

Mkiani ndiko Dobi alikokodi shamba.

Alilima vitunguu. Kila alichokipata kwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni alikizika kwenye matuta yale, mbegu, mbolea, kibarua wa kupalilia. "Vitunguu hivi vikikubali, wifi," alikuwa anasema huku akijinyoosha mgongo jioni, "sifui tena shuka alilolalia mtu nisiyemjua. Wallahi nitalichoma lile beseni." Mama Hewa alimwambia beseni la bati halichomeki. "Basi nitafugia bata," Dobi akajibu. Na kweli vilianza vizuri, vimesimama wima, kijani kibichi kama vimepakwa rangi. Vilikuwa vimefika pale kitunguu kinapoanza kutunga kichwa, wakati ambao ukikinyima maji kinakaa kidogo hivyohivyo, hata ukikimwagia mto mzima baadaye.

Wakati huohuo ndipo kiu ya ubaoni ilipoanza kushuka.

Haikuanguka kwa kishindo. Ilikuwa sita, ikawa tano na kitu, ikakaa kwenye nne na nusu karibu kila siku. Mama Hewa alisoma alichokiona. Vikombe vilikuwa vinazunguka kivivu, na wale ndugu wawili wa sandukuni walikuwa wamesogeleana. Alidhani majira yanageuka. Bwana Maji naye alidhani hivyo, maana hesabu ilikuwa sawa kila aliporudia. Malango yakawa yanafungwa mapema. Wa juu hawakuona tofauti. Wa mkiani walianza kuja ofisini, kwanza kwa salamu, baadaye bila salamu.

Nyumbani mambo yalikuwa yanasemwa kwa pembeni.

"Naona leo tena umeandika nne," Dobi alisema wakila.

"Nne na nusu."

"Hiyo nusu ndiyo ya kwangu, eeh?"

"Wifi, mimi nasoma tu. Siandiki la moyoni mwangu."

"Sijasema unaandika la moyoni. Nasema vile vidude vyako vina kiu ndogo kuliko vitunguu vyangu. Mimi nikitoka shambani midomo imenipasuka, halafu nakuta ubao unaniambia hewa ina unyevu. Unyevu uko wapi? Nionyeshe nikaoge."

Mama Hewa akampakulia tena. Lakini neno la midomo lilimwingia. Hata yake ilikuwa inapasuka. Na ile karatasi ya tufe ilikuwa inaungua mwanzo hadi mwisho bila kukatika, kila siku, jua kali kama lile la kabla. Shahidi mmoja anasema hivi, wawili wanasema vingine. Usiku aliomba aonyeshwe, akalala.

Aliyemwonyesha ni Bwana Maji, na alimwonyesha kwa mzaha.

Ilikuwa asubuhi ya siku inayofuata siku ya ibada. Mama Hewa ametoka kuandika kiu ya jana ubaoni: sita. Bwana Maji alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akautazama ubao, akapekua hesabu za wiki zilizopita, akautazama tena.

"Mama," akasema, "huu upepo wako siku za kazi unalala. Ikifika siku ya ibada unaamka. Wiki hii hivyo, wiki iliyopita hivyo, na ile ya nyuma yake. Upepo gani huu unashika dini kunipita mimi?"

"Kukupita wewe si kazi," Mama Hewa akasema kwa mazoea.

Alikuwa anatazama dirishani. Ng'ambo ya uzio, upande unakotokea upepo, Dobi alikuwa amekwisha kuamka na kuanza. Shuka la kwanza, la pili, la tatu, meupe, mazito kwa maji, mistari miwili imesimama kama ukuta kati ya upepo na vile vikombe. Mchana atayaanua na kutundika mengine, maana nyumba ya wageni ilileta mara mbili kwa siku. Siku ya ibada kamba zilikuwa tupu.

Bwana Maji aliyafuata macho yake. Chai aliyokuwa ameikusudia mdomoni ilikomea njiani.

"Hapana," akasema taratibu. "Kumbe tunapima hewa ya dobi. Shuka linaziba upepo, na upepo mdogo unaopenya unapita kwenye nguo mbichi, unafika kwenye sanduku umelowa. Nimekaa kwenye meza hii na dirisha hili, mimi nakagua hesabu." Akaweka kikombe chini. "Na anayeumia ni yeye mwenyewe. Vile si vitunguu vyake kule mwisho?"

"Ni vyake."



"Nikiwaambia wa juu nataka kuupa mkia maji ya ziada, watataka kuona ubaoni," Bwana Maji akasema. "Neno langu tupu hawalichukui. Sita ya siku moja hawataiamini, watasema ni bahati. Nikipata siku mbili tatu za vipimo safi, mfululizo, nawaonyesha, nafungua lango la mwisho usiku na mchana. Lakini lazima zianze leo. Vitunguu vile havingoji kikao. Nimwambie?"

"Ukimwambia wewe atasikia ofisi. Niache."

Ni rahisi kusema niache. Mama Hewa alitoka nje, hakwenda moja kwa moja kwenye kamba. Alizunguka nyumba, akasimama pale nyuma ya jiko penye mashimo ya nguzo za zamani. Nyumba ya wageni ilitaka mashuka yao kabla ya jioni, na hapa yasingekauka kabla ya jioni. Kwa kuchelewa mara mbili tu wangempa kazi dobi mwingine. Akimwambia ondoa kamba, atakuwa amemwambia mtu aliyekuja na sanduku moja kwamba hata hewa ya hapa si yake. Na asipomwambia, vitunguu vimekwisha. Tena nani aliyemwambia upepo unakausha? Ulimi wake mwenyewe, akichambua mchele. Alisema ukweli, na ukweli ule ndio uliotembea usiku kucha mpaka kwenye uzio.

Aliomba kwa kifupi, amesimama, kama mtu anayemnong'oneza jirani. Kisha akakumbuka kwamba jirani anaye.

Fundi alimsikiliza na pini mdomoni. Ua wake ulikuwa upande wa pili wa uzio wa vyombo, ambako upepo hufika ukiwa umekwisha kupita kwenye vyombo, na ukuta wake mfupi haukuzuia kitu.

"Yaani niliuliza swali moja tu la suruali," akasema alipozitoa pini, "sasa naanikiwa mashuka ya wageni mlangoni. Wateja wangu watapita wapi?"

"Watainama."

"Shemeji, mimi nina mteja mwenye tumbo, hawezi kuinama." Akapima ua kwa macho. "Haya. Asifunge tu kamba kwenye dirisha la chumbani. Na ile suruali uniulize basi kama ilikauka."

"Ilikauka?"

"Mguu mmoja."

Mama Hewa alirudi ofisini kuchukua kitambaa chake ili amfuate Dobi kule kwenye kamba. Hakuwahi. Dobi aliingia yeye, amefunga kiunoni aproni yenye vibanio vya nguo, na mkononi ameshika kitunguu kilichong'olewa na udongo wake. Alikuwa ametoka shambani alfajiri. Alikiweka mezani, juu ya majedwali. Kichwa chake hakikuzidi kibanio.

"Nimekuletea shahidi," akasema. "Naambiwa hapa mnasikiliza mashahidi."

"Kaa, wifi."

"Sikai. Nataka kuuliza, kisha nirudi kwenye kamba yangu. Kiu ya jana umeandika sita, nimeiona. Jana mimi sikuwa shambani, nilikuwa kwenye ibada na wewe, tumekaa benchi moja. Kwa hiyo nisipokuwapo mimi, kiu ni sita. Nikiwapo ni nne. Kuna kitu nimekukosea, niambie usoni. Tangu kaka afariki sijakusikia ukinung'unika, labda ulikuwa unaweka akiba."

Mama Hewa alihisi neno la kaka likimchoma, akaliacha lipite. Alikuwa amejifunza kwamba mwenye hasira ukimpa maelezo ni kama kumwagia maji mafuta yanayowaka. Akamuuliza swali badala yake, tena la kazi.

"Wifi, ukianika mistari miwili, upi unakauka mwisho?"

Dobi akamtazama kama anayetazama mtu aliyepotewa na akili. "Tumefika huko?"

"Nijibu tu."

"Wa nyuma. Kila dobi anajua. Wa mbele unakula upepo wote, halafu unautemea wa nyuma unyevu. Ukichelewa kuanua wa mbele, wa nyuma unakutia aibu."

"Na ungeweka wa tatu nyuma ya huo wa pili?"

"Huo ungeota uyoga. Wifi, vitunguu vyangu..."

"Navijia. Sasa nyuma ya mstari wako wa pili kuna nini?"

Dobi alifungua mdomo amjibu hakuna kitu. Aligeuka dirishani. Mashuka yalikuwa yametanda yote, upepo umeyajaza matumbo. Nyuma yao vile vikombe vitatu vilikuwa vinajizungusha taratibu, vinakaribia kusimama, vinazunguka tena. Juu kabisa ya paa la nyumba, ambako mashuka hayakufika, mfuko wa plastiki ulionasa kwenye bati ulikuwa unapigwapigwa bila kupumzika.

Alitazama muda mrefu. Mama Hewa hakumsaidia. Kuna mambo mtu akiyafikia kwa miguu yake mwenyewe hayamdhalilishi.

"Lile sanduku," Dobi akasema, sauti yake imeshuka. "Linasoma mashuka yangu."

"Linasoma mashuka yako."

"Linadhani shamba zima limelowa."

"Na malango yanafungwa mapema."

"Na jana..."

"Jana hatukuanika."

Dobi alikaa, kwenye kiti alichokikataa. Aligusa kile kitunguu kwa kidole, kikabingirika kidogo kikasimama. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Nimekesha nikifua ili nivipate, kumbe kila nikianika navinyima."

"Na mimi nilikuwa nakutazama ukianika, wifi. Na ni mimi niliyekwambia upepo unakausha. Lawama tusigawane, hakuna wa kuchukua nusu." Mama Hewa akavuta pumzi, akayasema yote yaliyobaki kwa mkupuo, kama anayesoma vipimo. "Bwana Maji anataka siku mbili tatu, kuanzia leo, vyombo vipate hewa yao. Akiiona ubaoni anafungua lango la mwisho usiku na mchana. Vitunguu vya pembeni vimekwisha hivi, lakini vya katikati bado vina muda, umeniambia mwenyewe juzi. Na Fundi amekupa ua wake. Upepo upo kule, mashuka yatakauka kwa saa yake. Amesema tu dirisha la chumbani uliache."

Nje shuka moja liliruka kwa upepo, likarudi. Dobi alikuwa anasugua viganja, ngozi yake imekunyata na kuwa nyeupe kwa maji ya sabuni, kama mtu anayeitafuta alama iliyofutika. Mama Hewa alingoja maneno makali, maana aliyazoea. Alingoja hata machozi, akajua alikoweka kitambaa. Hayakuja.

Dobi aliinuka. Alikichukua kile kitunguu pale mezani, akakifuta udongo kwa pindo la aproni, akakitia mfukoni pamoja na vibanio. Akalipangusa kwa kiganja jedwali lililochafuka. Kisha akapita mlangoni, pembeni ya ubao, akashuka ngazi mpaka kwenye kamba, akaanza kuanua mashuka.